Mawe ya Kibwebwe

Apolinaria alimpenda mkamwana wake kwa njaa. Wengine huwapenda wakwe zao kwa vitenge na mafuta ya nazi. Yeye alimpenda Nyamizi kwa kumhesabia matonge. Asubuhi kikombe kimoja cha uji, mwepesi kiasi kwamba ukiinama unayaona matundu ya pua yako ndani yake. Mchana matonge matano ya ugali kwa mlenda. Jioni matatu, na kama mashavu ya binti yameonekana kujaa, mawili. Karanga marufuku. Mayai ndiyo kabisa. Nyama ilipopatikana, Apolinaria aliila mwenyewe, akitafuna taratibu mbele ya yule mwenye mimba, ili, alisema, ajifunze kuvumilia.

Na tusimsingizie. Mchoyo hakuwa. Mwaka ule watu walipohamishwa kutoka maskani yao ya zamani msituni, wakapangwa kwa mistari katika kijiji kipya cha Azimio, upande wa Tura, wengi walifika mikono mitupu. Viazi vyao vilibaki shambani vikiliwa na nguruwe. Apolinaria ndiye aliyefungua gunia zima la michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, akawagawia majirani hata wale waliokuwa wakimsema. Mwanamke huyo huyo sasa alikuwa akificha karanga juu ya dari asizifikie mke mjamzito wa mwanawe.

Kilichomfanya awe hivyo kilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Modesta.

Modesta alikuwa binti yake wa pekee. Mfupi, mwembamba, mcheshi, mikono haitulii. Aliolewa na mrina asali, mwanamume mwema aliyerudi kutoka msituni kila wiki na asali na nyama ya pongo, na mimba ilipoingia akamlisha mkewe kama anayemlipia dhambi. Tumbo likawa kubwa. Wanawake wakalishika na kulisifu. Uchungu ukamshika Jumatatu. Alhamisi wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wamwahishe stesheni ya Tura, treni imfikishe hospitali mjini Tabora. Hawakuliona hata tangi la maji la stesheni. Apolinaria alimwosha mwenyewe, na mtoto bado yumo ndani. Aliweka kiganja juu ya lile tumbo gumu, akakaa nacho hapo muda mrefu, kisha akasema neno moja.

"Mkubwa."

Waliokuwepo walidhani anaomboleza. Alikuwa anatoa hukumu.

Basi miaka miwili baadaye, mwanawe Kornel, aliyekuwa kwenye gengi la kutengeneza reli, alipomleta Nyamizi kutoka Lusu, na Nyamizi akashika mimba, Apolinaria alijua la kufanya. Huyu hafi. Huyu hataoshwa na mtu. Mtoto atatoka mdogo, atateleza kama sabuni, na mama yake atasimama siku hiyo hiyo akateke maji.

"Mayu, njaa inaniuma," Nyamizi alisema mwezi wa nne. Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na binti yule alikuwa na adabu, alilitamka kila mara akiwa amepiga goti.

"Inakuuma wapi?"

"Tumboni."

"Tumboni kuna mtu. Huyo ndiye anayelalamika, si wewe. Mwache alie, atazoea. Akitoka atanyonya."

"Nasikia kizunguzungu nikiinama kisimani."

"Basi usiiname. Chuchumaa."

Kisha akamketisha na kumsimulia, kwa mara ya ishirini, jinsi alivyozaa yeye. Kornel, mtoto wake wa kwanza, alimtesa siku mbili, kichwa kama chungu. "Nikasema, aliyenipata kanipata mara moja. Mimba iliyofuata nikaikomesha mapema. Kiganja cha mtama kwa siku, basi. Mume wangu ananiletea samaki, nawapa mbwa. Na Modesta wangu akachomoka kama karanga kwenye ganda. Nusu saa! Niliinuka nikajipikia maji mwenyewe."

"Alikuwa na uzito gani?"

"Uzito? Nilimshika kwa mkono mmoja."

Kornel alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Wanaume walikula barazani, wanawake jikoni, hivyo hakuona sahani ya mkewe. Aliona mifupa ya shingo imemtoka, akauliza, na mama yake akamjibu kwamba mimba za kwanza hukondesha, akalale. Nyamizi angeweza kumwambia. Lakini kila akifungua mdomo, Kornel alianza kumsimulia habari za dada yake: mkokoteni, ng'ombe waliogoma kwenye mchanga, damu kwenye majani waliyomtandikia. Nyamizi aliufunga mdomo. Yeye naye alikuwa na miaka kumi na minane, na aliogopa kufa.

*

Zahanati ya Azimio ilikuwa na vyumba viwili, baraza ya saruji, na nesi mmoja. Nesi Mwamvita alikuwa mtoto wa mji, mjukuu wa mafundi cherehani wa Tabora, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi, na ulimi wake ulikuwa na sindano ndani. Siku ya kliniki aliwapanga wajawazito barazani, akawapandisha mmoja mmoja kwenye mizani ya kusimama, akaandika uzito kwenye kadi, ndipo akawaingiza ndani kwenye kitanda kuwapima matumbo kwa mikono.

"Kilo arobaini na mbili," alisoma Mwamvita siku Nyamizi aliposimama pale mara ya kwanza, mimba ikiwa ya miezi mitano. "Una mimba au umemeza embe? Unakula nini?"

Nyamizi akamtazama mama mkwe wake.

"Anakula, nesi," alisema Apolinaria. "Ila chakula hakimkai."

"Sikukuuliza wewe, mama. Shikamoo yako nimekupa mlangoni, sasa niachie kazi yangu." Mwamvita akamgeukia binti. "Nisikilize. Mtoto anajengwa sasa hivi, humo, gizani. Mifupa yake, mapafu yake, akili yake. Unampa nini ajengee? Mjamzito hupanda kidogo kila mwezi. Mwezi ujao kadi hii isipopanda, nakulaza hapa zahanati, nakupikia kwa mkono wangu, na huyu mama yako nampeleka kwa balozi akajieleze mbele ya nyumba zote kumi."

Wanawake walicheka. Apolinaria hakucheka. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele kwenye ile barabara kongwe ya misafara, ambayo sasa ilikuwa imebaki mapito ya ng'ombe. Babu yake aliipita barabara ile miguu mitupu mara saba, mpagazi, mzigo wa frasila mbili begani, Bagamoyo hadi Tabora. Na babu huyo, alipozeeka na kupenda kujisifu, aliwafunulia wajukuu siri ya kazi. Mzigo wa shanga ulipimwa pwani, ukapimwa tena ulipofika kwa tajiri. Humo njiani ukihitaji shanga za kununulia kuku au mwanamke, unafungua mshono, unachota, unajaza mawe, unashona. Tajiri anapima uzito, hapimi shanga. Mzigo unafika sawasawa, na wewe umeshiba.

Apolinaria akasimama katikati ya barabara ghafla hivi kwamba Nyamizi nusura amgonge.

"Rudi nyuma," alisema. "Twende mtoni."

Mto ulikuwa mkavu mwaka ule. Mwaka wa ukame, mwaka wa unga wa njano wa msaada. Lakini mawe yalikuwepo, laini, ya mviringo. Apolinaria alifanya kazi ya kuchambua tumbaku kwenye ghala la ushirika na mkono wake ulijua kilo kuliko macho ya karani. Alichagua, akatupa, akachagua. Jioni alitoa kipande cha amerikani, kitambaa cheupe kigumu cha pamba, akakishona vifuko vifuko kama mkanda wa risasi, akatia mawe, akashona midomo.

"Hiki ni kibwebwe chako cha kliniki," alisema. "Unafunga chini ya kanga. Ukishapimwa, unaomba kwenda chooni, unanipa mimi nyuma ya uzio, ndipo unaingia kitandani. Kila mwezi nitaongeza jiwe."

Nyamizi alikipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu kitu kutoka kwa mkubwa, na mikono ikashuka.

"Ni kizito, mayu."

"Ndiyo kazi yake."

"Si ningekula tu hicho chakula, kadi ikapanda yenyewe?"

Apolinaria alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua halichomozi usiku.

"Modesta alikula," alisema.

*

Mkanda ule ulivaliwa tangu nyumbani. Apolinaria hakutaka afungwe pale nyuma ya choo; mtu aliyebebeshwa mzigo ghafla huyumba, na nesi ana macho. Hivyo siku ya kliniki Nyamizi alitembea na mawe yake maili mbili, tumbo mbele, mawe kiunoni, kikombe cha uji ndani. Akiketi chini kupumzika, aliinuliwa. "Babu yangu alibeba frasila mbili," aliambiwa, "na hakuwa amepewa mimba na mtu anayempenda."

Na kadi ikapanda. Arobaini na tano. Arobaini na saba. Mwezi wa nane ilipofika hamsini, Mwamvita aliishika juu mbele ya foleni nzima.

"Tazameni kadi ya Nyamizi! Inapanda kama ngazi. Huyu alikuja hapa kama mjusi, nikamsema, akasikia. Nyinyi wengine masikio mmeyaacha kwa nani?"

Siku hiyo maziwa ya unga ya msaada yalikuwa yamefika. Yaligawiwa kwa wale ambao kadi zao zililala. Nyamizi alisimama kando na mawe kilo nane kiunoni akaangalia makopo yakipita mikononi mwa wenzake, mmoja, mwingine, mwingine. Mmoja wao alifungua papo hapo, akachovya kidole, akalamba. Nyamizi alilamba midomo yake mwenyewe, bila kujua.

"Mwanamke mwenye afya," Apolinaria alimnong'oneza, "usitamani vya wagonjwa."

Pale kitandani Mwamvita alizungusha mikono kwenye tumbo, akakunja uso. Akapima tena kuanzia kitovuni. Mikono ilimwambia mtoto ni mdogo. Kadi ilimwambia mama amepanda vizuri. Akaitazama kadi, mwandiko wake mwenyewe ulionyooka, namba zake mwenyewe.

"Mmekosea miezi," alisema mwishoni. "Si minane hii. Ni sita." Akafuta, akaandika upya.

Nyamizi alifumbua mdomo. Nyuma ya dirisha lisilo na kioo mtu alikohoa. Akaufunga.

*

Alijifungua wiki tatu baadaye, mchana, kwenye kitanda kile kile, muda wa kuchemsha sufuria ya maharage hata yasiive. Hakupiga kelele. Mtoto aliteleza. Apolinaria, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono imefungwa kifuani tangu asubuhi, alipiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye shamba la kijiji. Akamkimbilia Nyamizi, akamshika uso kwa viganja viwili, akamgusa shingo, mabega, matiti, akitafuta palipo baridi. Hapakuwa. Alilia siku ile, Apolinaria. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyekuwa amemwona akilia tangu ile siku ya mkokoteni.

"U hai," alirudia. "U hai, mwanangu. Nilikwambia."

Mwamvita alikuwa amemweka mtoto kwenye mizani ndogo. Msichana. Kilo moja na robo tatu. Ngozi imelegea mapajani kama soksi. Kucha zilikuwa zimekamilika, za mtoto wa miezi tisa. Alizitazama zile kucha, akamtazama mama, akaitafuta kadi.

"Jina lake Modesta," alisema Apolinaria.

Mtoto hakufa. Wengi walimtarajia afe, na wengine walikuja kumtazama kwa sababu hiyo. Mwamvita alimfunga kifuani kwa mama yake usiku na mchana, akamnywesha maziwa ya mama kwa kijiko, akawapa ile akiba ya maziwa ya unga bila kuuliza kadi. Mtoto akabaki. Lakini alibaki kama mtu aliyeketi mlangoni, hajaingia wala hajaondoka. Miezi sita, shingo bado inaanguka. Miezi kumi, hakai. Wenzake waliozaliwa msimu ule, watoto wa zile kadi zilizolala na makopo ya maziwa, walitambaa wakala mchanga, wakasimama wakishika kuta, wakapigwa kwa kuangusha vyungu. Modesta alilala kwenye mkeka akatazama ukuta. Ukimwita, uso ulikuja polepole, nusu njia, ukarudi.

"Mvivu huyu," alisema Apolinaria. "Amemfuata babu yake, yule mume wangu."

Alimbeba yeye mgongoni kuliko hata mama yake. Alimtafunia karanga, ndiyo, zile zile za darini, akamtilia mdomoni kwa kidole. Tuseme na hilo. Karanga zilitoka tena pembeni mwa midomo.

Mtoto alipofikisha miezi kumi na sita, Nyamizi alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minne. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja alitoka jikoni na beseni la maji, akaona kitu kimeanikwa kwenye kamba uani, kati ya shati la Kornel na nepi za mtoto. Cheupe, kirefu, kimefuliwa vizuri kwa sabuni, vifuko vyake vimefunguka midomo. Na chini yake, juu ya gunia, mawe. Yalikuwa yameoshwa nayo. Yanakauka juani.

Aliyahesabu. Lilikuwa limeongezeka moja.

*

Siku ya kliniki baraza ilikuwa imejaa. Balozi Bernardo naye alikuwepo, ameketi kwenye benchi akisubiri dawa ya malaria, amejifunga blanketi. Nyamizi alipanda kwenye mizani na kibwebwe chini ya kanga, bila kuambiwa, na Apolinaria, aliyekuwa ameketi na mtoto mapajani, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Binti amekua. Anajua lililo zuri.

"Hamsini na mbili," alisoma Mwamvita. "Vizuri."

"Subiri, nesi. Usiandike."

Nyamizi alifungua kanga mbele ya watu wote, akafungua fundo, akakiachia. Kilianguka kwenye saruji kwa kishindo. Fuko moja lilipasuka, na jiwe likabingirika hadi kwenye miguu ya balozi.

"Sasa pima tena."

Mwamvita hakusogeza hata kidole. Mizani ilijisogeza yenyewe. Arobaini na tatu.

Watu wakazungumza wote kwa mpigo, na Mwamvita akapiga kofi kwenye meza mara moja, wakanyamaza. Alikiokota kile kitu, akakipapasa fuko kwa fuko.

"Na ile mimba ya kwanza?"

"Kila mwezi," alisema Nyamizi. "Maziwa yangu uliwapa hawa."

Mwamvita aliikaza ile amerikani mkononi. Hasira yake ilikuwa na pande mbili na alijua hivyo. Mikono yake mwenyewe ilimwambia ukweli, naye akasadiki kadi. Ndiyo maana alipomgeukia yule mama hakuchagua maneno.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nimeosha maiti," alisema Apolinaria, hakutikisika. "Wewe umesoma tu. Mtoto mkubwa huua. Mwanangu aliuawa na mtoto mkubwa. Mtazame huyu, amesimama mbele yako, ana damu, ana sauti. Nani kamfikisha hapo?"

"Mwanao alikuwa na urefu gani?"

Swali hilo halikutegemewa. "Nini?"

"Marehemu. Akisimama karibu nawe, alifika wapi?"

Apolinaria aliinua mkono, taratibu, akauweka chini kidogo ya bega lake. Pale pale mkono ulipozoea.

"Na kiuno?"

"Cha mtoto," alisema balozi Bernardo kutoka kwenye blanketi lake, akimkumbuka. "Tulikuwa tukimtania, Modesta, mwanamume atakushika wapi?"

"Na ulimzaa vipi? Nimesikia unavyojisifu, kijiji kizima kimesikia. Kiganja cha mtama kwa siku, mwaka ambao hapakuwa na njaa, samaki ukawapa mbwa." Mwamvita alishuka sauti, na kushuka huko kulikuwa kubaya kuliko kelele. "Mtoto anayenyimwa tumboni, mara nyingi habaki tu kuwa mtoto mdogo. Anakua mtu mfupi, mifupa yake myembamba, nyonga yake nyembamba. Siku naye akizaa, mlango hautoshi. Mimi sijui aliyekuwa tumboni mwa mwanao alikuwa mkubwa kiasi gani, mama. Pengine alikuwa mtoto wa kawaida tu. Pengine mkubwa hakuwepo. Alikuwepo mdogo, na mdogo ni yule uliyemtengeneza wewe."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Eh, nesi, basi."

"Umesema pengine," alisema Apolinaria.

"Ndiyo, nimesema. Si kila anayezaliwa mdogo huwa hivyo. Wengine huinuka. Sikuwepo nikampima."

"Basi hujui."

"Huyu namjua." Mwamvita alimnyooshea kidole mtoto aliyekuwa mapajani mwa Apolinaria, kichwa kimeegemea mkono, macho kwenye ukuta. "Huyu nilimpima. Naye ni msichana."

Apolinaria alimtazama mjukuu wake. Kiuno kilienea kwenye kiganja kimoja.

Kule barabarani lori la tumbaku lilikuwa linapakiwa, na utingo akaanza kupiga mluzi kuita abiria wa Tabora. Nyamizi alisogea, akainama, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa mama mkwe wake, akamfunga mgongoni. Ndipo watu walipoona kwamba kando ya mizani kulikuwa na furushi.

"Naenda Lusu kwa baba," alisema. "Hii ya tumboni nitaizalia kwetu, nikila. Kornel nimemwachia maneno kwa mwenzake wa gengi. Lakini mayu, naweza kulifungua furushi hili." Alipiga goti pale pale kwenye saruji, kama alivyozoea, mtoto mgongoni, mawe yametapakaa kando yake. "Sitaki mbuzi wa fidia. Sitaki kitenge. Nataka useme umekosa. Neno moja, mbele ya hawa, nami nitarudi nyumbani sasa hivi nikupikie."

"Sema, mama Kornel," alisema Bernardo. "Neno halitoboi mfuko. Sema tuyamalize, na mimi nikanywe dawa yangu."

"Sema," walisema wanawake. Wengine kwa huruma. Wengine kwa hamu tu ya kumwona anainama, kwa kuwa aliwahi kuwagawia michembe na hawakumsamehe.

Apolinaria alifumbua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi, na alilisikia limekaa kwenye ulimi. Akamtazama yule binti aliyepiga goti, akaona ni rahisi, angeweza kumpa. Lakini neno lile lisingeishia kwa Nyamizi. Likishatoka lingeshika barabara, lingepita stesheni, lingefika pale mchangani ng'ombe walipogoma, na mfupi mmoja aliyelazwa juu ya majani angeinua kichwa na kuuliza: kumbe ni wewe?

Kiganja chake kilikuwa wazi mapajani, pale mtoto alipokuwa. Akakifunga.

Lori lilipiga honi. Nyamizi alisubiri honi ya pili. Kisha akainuka, akajitwisha furushi, akashuka ngazi za baraza. Alitembea wima. Kichwa cha mtoto kilicheza mgongoni, huku na huku, huku na huku, na hakuna aliyeweza kukitazama hadi lorini.

Vumbi lilipotulia, Apolinaria alipiga magoti kwa mara ya kwanza siku ile. Watu wakasogea karibu, wakidhani neno limekuja. Aliokota jiwe lililokuwa miguuni mwa balozi, akaokota na mengine, moja moja, akayafuta kwenye kanga, akayarudisha kwenye vifuko vyake.

"Hata sasa?" aliuliza Mwamvita. "Hata sasa, mama?"

Apolinaria alisimama, akajifunga kile kibwebwe kiunoni mwake mwenyewe, akakaza fundo.

"Yeye yu hai," alisema. "Anatembea kwa miguu yake, ana nguvu za kuniacha. Mimi ndiye niliyemfikisha. Siombi radhi."

"Na mtoto?"

"Siombi radhi."

"Na Modesta?"

"Nimesema siombi."